Kalu Anaomba

Kalu alikuwa na njaa tena. Alikaa ukutani, kati ya rafu ya biskuti na rafu ya maziwa, amepakata bakuli tupu, miiba yake laini imelala na macho yamemlegea. Alikuwa kalunguyeye wa picha tu, lakini kuta za maduka ya Dodoma ya siku hizo hazikuwa kuta za kubandikwa karatasi. Zilimwona kila apitaye, zikamjua kwa jina, zikakumbuka jana alipita na nani na kama alinuna au alicheka. Kalu akainua kichwa, akamtazama mtoto wa kike aliyeketi ndani ya kikapu-mtii, kile kikapu chenye magurudumu kinachomfuata mnunuzi bila kusukumwa, na kwa sauti ya chini, yenye adabu zote, akasema, "Seche, naomba."

Sechelela, mwenye miaka mitatu, akanyoosha mkono kuelekea rafuni. Hakugusa kitu. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia palikuwa na ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa, na ukanda ule ulijua mkono unakokwenda kabla mkono wenyewe haujafika. Rafu ikashusha pakiti ya biskuti za karanga, ikaitia kikapuni. Papo hapo bakuli la Kalu ukutani likajaa. Kalu akala, akalamba midomo, akacheka hadi miiba ikamtikisika. Ukanda nao ukambinya mtoto mara moja, mbinyo mdogo wa uvuguvugu, na Seche akafumba macho kwa raha.

"Asante, Seche," alisema Kalu. "Una mkono wazi wewe."

Nyuma ya kikapu alisimama mama yake, Mhandisi Nyemo Chilongani, amechoka hoi. Aliiona pakiti ikiingia. Alijua pia kwamba nyumbani kabati la biskuti halifungi tena, na kwamba mzazi ana haki ya kurudisha kitu chochote kabla ya kutoka mlangoni. Lakini kurudisha maana yake ni kumwona Kalu akilia, kisha Seche akilia, kisha watu wote wa foleni wakikutazama wewe mama mwenye roho mbaya. Nguvu za hayo yote angezitoa wapi, saa kumi na mbili jioni, na kichwa kinamgonga tangu asubuhi? Akaiacha pakiti ilale kikapuni.

Na asingeweza kumlaumu mtu, maana ukanda ule wa rangi ya chungwa aliubuni yeye.

Tuseme ukweli, kompyuta zimesumbua watu miaka mingi kabla ya kukubali kuambiwa kitu. Kwanza zilitaka ubonyeze herufi, mtu anatafuta A anaipata baada ya kikohozi. Zikaja za kupapasa kioo, zikaja za kusemeshwa, nazo ukizisemesha kwa lafudhi ya kwenu zinakujibu mambo mengine kabisa. Zote zilitaka mtu ajifunze kwanza. Nyemo aliligeuza jambo. Aliona kwamba kabla mkono haujanyooka, ubongo huwa umeshatuma habari kwa mishipa ya fahamu, na misuli ya kifundo imeshakaza kidogo, kidogo kabisa, hata mwenye mkono hajui. Akatengeneza ukanda wa kusikiliza hapo kifundoni, akauita kidokezi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuidokezea mashine nia ya mtu kabla haijawa tendo.

Aliwatengenezea watoto wa wodi moja ya hospitali, watoto ambao vinywa vyao vilikataa kusema. Wa kwanza kuvaa aliomba maji. Mama wa mtoto yule alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na Nyemo naye akalia, na muuguzi akawafuata. Mbinyo ulikuwepo tangu siku hiyo, ila ulikuwa baridi na mwepesi, na maana yake ilikuwa moja tu: nimekusikia. Mtoto asiyesema anahitaji kujua kwamba amesikika.

Halafu Kampuni ya Mchipuko ikaja na mikoba. Sasa kila mtoto mdogo wa jiji alikuwa na kidokezi mkononi. Kilimfungulia mlango, kilimwashia taa, kilimbadilishia wimbo akiuchoka. Nyemo akafanywa mhandisi mkuu, akapewa ofisi yenye dirisha linalotazama mlima, na mikutano isiyo na mwisho. Watoto wa wodini hakuwa amewaona siku nyingi, na kila alipowakumbuka alijiambia atakwenda wiki ijayo.

Jioni ile alikuwa na jambo moja zaidi la kumchosha. Siku ya pili yake angesimama mbele ya Baraza la Vifaa vya Watoto. Kampuni ilitaka kidokezi kiingie katika shule zote za awali nchini, na Kalu pamoja nacho. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni mhandisi mkuu kusimama na kusema kwa kinywa chake kwamba kifaa kinasoma nia ya mtoto na hakimwongezei kitu. Neno lake tu.

Nyumbani, Ipagala, alimkuta mama yake ameshafika kutoka Kongwa kwa treni ya mchana. Bibi Mbeleje alikuwa amevua viatu, ameketi mkekani sebuleni, kando yake kifurushi cha karanga. Viti hakuvipenda, alisema vinamkata miguu. Alimwona mjukuu wake, uso ukamchangamka wote.

"Mke mwenzangu huyo," alisema. "Umemwacha wapi mume wetu? Au umemficha umle peke yako?"

Seche akacheka, maana utani huo aliukumbuka tangu mara iliyopita. Alikuwa amepanda kochini, ameshika biskuti, ameing'ata upande mmoja. Bibi Mbeleje akakunjua kiganja chake, akakiweka mbele ya mtoto.

"Haya, naomba."

Hapa ni lazima nieleze, ingawa wengi wenu hamhitaji kuelezwa. Kule kwao Nyemo, na si kwao tu, mtu mzima hampiti mtoto anayekula bila kumwomba. Si kwamba ana njaa. Anaomba ili mkono wa mtoto uzoee kutoka. Mtoto akitoa, mkubwa anaipokea, anajifanya anaionja, waliopo wanamsifu mtoto mpaka anaona haya, kisha kitu kinarudishwa: asante mama, kula wewe. Watoto wote wa uani kwa Bibi Mbeleje walikuzwa hivyo, Nyemo akiwemo.

Seche alikitazama kile kiganja. Kisha akakitazama kidokezi chake. Kidokezi hakikufanya kitu, kwa sababu kiganja cha bibi hakikuwa ukuta wala rafu, hakikuwa kimeunganishwa na chochote. Mtoto akasubiri. Akamtazama bibi, akakitazama kidokezi tena, akaurudisha mkono kifuani pamoja na biskuti yake.

"Naomba, mke mwenzangu," alirudia bibi. "Umeanza lini kuwa mkono wa birika?"

Alisema kwa kucheka, lakini kiganja chake kilikuwa bado kiko hewani. Seche aliteremka kwenye kochi, akakimbilia ukuta wa sebuleni. Kalu alikuwa hapo, kama kawaida ya saa hiyo, na bakuli lake tupu. Mtoto akamnyooshea biskuti ile ile aliyomnyima bibi yake, akaigusisha ukutani. Bakuli likajaa. Ukanda ukambinya. Seche akageuka, anang'aa, akitafuta nani ameona.

Bibi Mbeleje akaukunja mkono wake taratibu, akauweka mapajani.

"Ni uchovu tu, mama," alisema Nyemo. "Leo hajalala mchana."

"Sawa, mwanangu," alisema bibi. Hakusema zaidi. Alifungua kifurushi akaanza kuchambua karanga, na Nyemo alimjua mama yake, akisema sana amekasirika, akinyamaza ameumia.

Roho ilimuuma Nyemo jioni ile yote. Aliosha vyombo ambavyo mashine ingeviosha, ili apate pa kuweka mikono. Mtoto kumnyima bibi yake si ajabu, watoto wana siku zao. Kilichomkaa kooni ni yale macho. Seche alikuwa ametazama ukanda kwanza, kama mtu anayetazama kama taa imewaka kabla ya kuvuka barabara.

Asubuhi, kabla ya Baraza, alipanda ghorofa ya saba, kwa watu wa masoko. Miaka yote ile alikuwa akipita pale kwa lifti bila kushuka. Mkuu wao aliitwa Kilian Haule, mtu mpole mwenye mvi, baba wa watoto wanne, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alimkaribisha kahawa. Nyemo akakataa.

"Kaka Haule, nieleze Kalu anafanyaje kazi."

"Leo? Baada ya miaka yote hii?" Haule alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Keti basi, dada Nyemo. Nilidhani unajua. Umetufundisha wewe."

Alimweleza bila kuficha, kama mtu ambaye hajawahi kufikiri kuna cha kuficha. Mwanzoni walijaribu njia ya kawaida. Waliwaonyesha watoto biskuti, wakapima kidokezi kinasema nini. Watoto walitaka, ndiyo, lakini hamu ya mtoto haidumu. Anataka hiki, akigeuka anataka kile, akigeuka tena amesahau vyote. Biashara haiwezi kusimama hapo. Wakaiuliza akili unde inayokiendesha kidokezi: katika nia zote unazozijua za mtoto mdogo, ipi ina nguvu kuliko zote? Akili unde ikawaonyesha moja. Ilikuwa juu ya nyingine zote, wakaiita kilele.

"Ngoja nikuonyeshe," alisema Haule, akagusa meza.

Ukutani ukatokea ua wa nyumba. Nyemo aliutambua kabla picha haijatulia: ukuta wa matofali usiopigwa lipu, kamba ya nguo, kinu kilichopasuka ukingo. Ulikuwa ua wa mama yake. Picha hizo alizipiga mwenyewe, wakati kidokezi bado ni uzi na gundi, alipokosa watoto wa kutosha wa kukifundishia akaenda kwao Kongwa akawavisha watoto wa majirani. Mtoto mmoja wa kiume, tumbo wazi, alikuwa anakula kipande cha muhogo. Kiganja cha mwanamke kikaingia pembeni mwa picha. Sauti ya Bibi Mbeleje, changa zaidi, ikasema, "Naomba." Mkono wa mtoto ukanyooka. Picha ikakatika hapo.

Ikaja nyingine. Mtoto mwingine, kiganja, naomba, mkono ukanyooka, picha ikakatika. Ikaja nyingine tena.

"Hicho ndicho kilele," alisema Haule. "Mtoto hafurahii kupokea kama anavyofurahia kutoa. Mimi nilishangaa. Nina wanne na sikujua. Hapo kila kitu kikawa rahisi. Usimwonyeshe mtoto biskuti. Mwonyeshe mwenye njaa."

Nyemo hakuondoa macho ukutani. "Anatoa kitu cha nani? Biskuti zile si zake."

"Cha baba yake na mama yake. Watoto wote hutoa vitu vya wazazi wao." Haule aliinua mabega. "Sheria inasema tusimwambie mtoto nunua. Tusimwambie mwombe mama. Kalu hajawahi kusema hata moja kati ya hayo. Kalu anaomba, mtoto anatoa. Wanasheria wetu walipoona hilo walicheka, nakwambia."

"Na mbinyo?"

"Mbinyo ni asante yake."

"Mbinyo ulikuwa nimekusikia. Ulikuwa baridi."

"Tumeuongezea uvuguvugu kidogo," alisema Haule. "Na unakuja pale tu anapompa Kalu. Mwanzo tuliuacha uje kila akitoa kitu, kwa mtu yeyote. Ukakosa nguvu."

Nyemo alikuwa bado anatazama ukuta. Alikuwa akisubiri mtoto wa mwisho arudishiwe muhogo wake, na picha zilikuwa zikikatika kila mara kabla ya hapo. Akakumbuka ni kwa nini. Alizikata yeye. Kidokezi kinasoma mkono unaokwenda, hakisomi mkono unaopokea, na hivyo aliketi uani kwa mama yake na kompyuta mapajani, akafuta kila kilichokuja baada ya mkono kunyooka: vicheko, sifa, asante mama, kula wewe. Aliona ni takataka zinazojaza nafasi. Mashine ikajifunza kuomba tu. Haikuwahi kuonyeshwa kwamba kitu kinarudi.

"Jana mama yangu alimwomba binti yangu biskuti," alisema. "Mtoto aliangalia ukanda kwanza. Haukumbinya, akamnyima."

Haule alikizungusha kikombe chake cha kahawa juu ya meza, akakirudisha kilipokuwa.

"Wangu mdogo naye," alisema mwishowe. "Nilidhani ni umri tu."

Walikaa wakitazamana, watu wawili wazima wenye kazi nzuri. Kisha Haule akatazama saa, akasema kwa upole ule ule kwamba Baraza linaanza hivi punde na watu wa ghorofa ya juu wamekwisha tangulia, na kama dada Nyemo ana wasiwasi wowote, ni vizuri auweke kando mpaka jioni. Hakuwa anamtisha. Alikuwa anamwonea huruma, na hilo lilimchosha Nyemo zaidi kuliko vitisho.

Baraza la Vifaa vya Watoto lilikaa katika ukumbi mdogo wenye feni za zamani, maana wajumbe wake walikuwa watu wa makamo waliokataa kiyoyozi. Mwenyekiti, Bibi Eshi Mchomvu, jaji mstaafu, alikuwa amekwisha sikiliza vifaa vingi tangu asubuhi: kitanda cha kubembeleza, chupa inayojua homa, mwanasesere wa kufundisha hesabu. Alimpa Nyemo nafasi kwa ishara ya kalamu.

"Mhandisi, swali letu ni moja na unalijua. Kifaa hiki kinasoma nia ya mtoto bila kumwongezea kitu?"

Nyemo alikuwa na maneno tayari, aliyokariri wiki nzima. Alifungua kinywa ayatoe. Badala yake aliuona mkono wa mama yake uko hewani.

"Hapana, mheshimiwa mwenyekiti," alisema. "Kinasoma utu wema wake, kisha kinauuza."

Watu wa kampuni waliokaa safu ya mbele waligeuka kumtazama. Nyemo akaeleza yote, polepole, bila madoido. Alieleza kilele. Alieleza bakuli la Kalu lisilorudisha kitu, na mbinyo wa uvuguvugu usiokuja ila kwa Kalu. Alieleza kwamba mtoto anayezoeshwa hivyo atajua kutoa ni kitu cha kufanyiwa malipo pale pale mkononi, na asiyelipa, awe bibi yake, hana haki ya kuomba. Alisema kosa la kwanza ni lake, alikata picha mahali pabaya. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa amechoka mno hata kutetemeka.

Mjumbe mmoja akainua mkono. "Kuna sheria iliyovunjwa, mhandisi?"

"Hakuna."

"Mtoto ameumizwa mwili?"

"Hapana."

"Sasa unataka Baraza liseme nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Kusema ni kazi yenu. Mimi nilitakiwa kutoa neno langu, na neno langu silitoi."

Bibi Mchomvu akaandika kitu, akafuta. "Unajua kuna watoto wasiosema wanaotumia kifaa hiki. Kikizuiwa, kitazuiwa kwa wote."

"Najua," alisema Nyemo, na hapo ndipo machozi yalimlengalenga. "Niliwatengenezea wao. Naomba Baraza liwaachie wao kile chenye mbinyo baridi. Wale hawana Kalu wodini."

Ombi lake lilipokewa, maana yake lilisikika tu, halikuamuliwa. Baraza liliamua kwamba, kwa kuwa neno la mhandisi mkuu halikupatikana, shauri liahirishwe mpaka kampuni itakapoleta neno hilo kwa njia nyingine. Kila mtu ukumbini alielewa njia nyingine ni nini. Ni mhandisi mwingine. Wajumbe wakainuka kwenda kula, na mjumbe aliyeuliza maswali akampita Nyemo mlangoni, akamwambia kwa dhati kabisa kwamba mjukuu wake anampenda sana yule kalunguyeye.

Kesho yake, kabla jua halijashuka, mlango wa ofisi yake haukumfungukia tena. Haule alimletea vitu vyake chini kwa mkono wake mwenyewe, kikombe na sweta na picha ya Seche akiwa mchanga. Hakusema pole. Alisimama naye kidogo kivulini, akamwambia kwamba usiku uliopita alimvua mwanawe kile kitu, na mtoto alilia hadi akatapika, na asubuhi mama yake akamvisha tena ili waweze kutoka nyumbani.

"Wewe utaweza?" aliuliza.

"Sina kazi ya kuwahi sasa," alisema Nyemo.

Alimvua Seche kidokezi jioni hiyo. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, na palikuwa na alama ya mstari kuzunguka kifundo chote. Sitaki kuzieleza sana siku zilizofuata, aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anajua, na hii ilikuwa mbaya zaidi, maana ziwa halisemi na mtoto kutoka kila ukuta. Nyemo aliuzima ukuta wa sebuleni. Seche aliupigapiga kwa viganja, akamwita Kalu kwa jina, akamwambia aje ale. Hakulilia biskuti hata mara moja. Alilia kwamba Kalu ana njaa na hakuna anayempa. Hilo ndilo lililomvunja Nyemo, akaingia chooni akafunga mlango, akakaa huko na taulo mdomoni.

Bibi Mbeleje aliahirisha kurudi Kongwa. Hakuuliza habari za kazi. Alimbeba mjukuu mgongoni kwa khanga, ingawa mtoto alikuwa mkubwa na mgongo wa bibi si ule wa zamani, akazunguka naye uani akimwimbia mpaka analala. Maduka ya kuta wakayaacha. Walinunua vitu barabarani, kwa akina mama wanaopanga mafungu kwenye meza za mbao, na kutoka huko siku moja wakaja na zabibu.

Waliketi mkekani wote watatu, Seche katikati, sahani mapajani. Alikuwa ametulia siku hiyo. Alizila moja moja, akitema mbegu kwenye kiganja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Nyemo alimtazama kwa kitambo. Aliogopa kujaribu. Kisha akapiga moyo konde, akakunjua kiganja chake mbele ya mtoto, kama alivyokunjuliwa yeye kule Kongwa mara zisizo na idadi.

"Naomba, mama."

Seche akaacha kutafuna. Akakitazama kiganja. Akatazama kifundo chake kitupu. Bibi Mbeleje naye alikuwa ameacha kila kitu, punje ya zabibu i katikati ya vidole. Halafu mtoto akachagua zabibu moja, akaigeuza, akaiweka kiganjani mwa mama yake.

Furaha ilimpanda Nyemo hadi kichwani. Alitaka kupiga vigelegele. Lakini Seche hakuurudisha mkono. Aliugeuza, akauacha umenyooka mbele ya mama yake, upande wa ndani wa kifundo ukitazama juu, akasubiri.

Nyemo akajifanya anaionja ile zabibu. "Mm, tamu. Asante, mama. Haya, kula wewe." Akairudisha katika mkono wa kushoto wa mtoto.

Seche aliitazama ile zabibu kwa mshangao wa kweli. Katika maisha yake yote aliyoyakumbuka, kitu alichokitoa hakikuwahi kurudi. Akaitia mdomoni, akatafuna polepole, akimtazama mama yake. Ule mkono mwingine, wa kulia, ulikuwa bado umenyooka.

"Mbona kanyoosha mkono hivyo?" aliuliza Bibi Mbeleje kwa sauti ya chini. "Anataka umshike?"

"Anasubiri kubinywa, mama," alisema Nyemo. "Ndivyo alivyokuwa akilipwa."

Alijua angeweza kumbinya. Vidole viwili tu, na mtoto angefumba macho kwa raha, na kesho angetoa tena. Na alijua pia kwamba akimbinya, atakuwa amegeuka ule ukanda yeye mwenyewe. Mikono yake ikabaki mapajani, na kuizuia kulimuuma kuliko kila alichofanya Barazani.

Seche alisubiri mpaka akachoka. Mkono ukashuka wenyewe. Kisha, taratibu, akakishika kifundo chake kwa mkono wake wa kushoto, dole gumba juu na kidole cha shahada chini, akajibinya mwenyewe. Akafumba macho kidogo. Akayafungua, akarudi kwenye zabibu zake.

Nyemo alitaka kulia na hakulia. Alifuta kiganja chake kwenye gauni, akakikunjua tena mbele ya mtoto.

"Naomba tena, mama," alisema.